Siku Tano za Kumrudisha Golnar

Alhamisi, 9 Farvardin

Nimefika Ramsar saa nane mchana. Likizo ya siku tano, ya kwanza baada ya miaka sita. Ofisini wameniaga kama wanaaga maiti. Nyumba ya wageni ya Bi Touba imejaa hadi stoo, kama kila Nowruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ila chumba changu kilikuwa tayari. Na mezani, akimenya chungwa kwa ustadi wa mtu anayelipwa kupasua watu: Golnar. Miaka kumi na tisa hatujaonana.

Nikashtuka. Nilikuwa nimejizoeza kushtuka tangu Qazvin, kwenye kioo cha gari la abiria. Dada yangu ndiye aliyenitonya kwamba atakuwa hapa, na Bi Touba nilimpigia simu mara sita kuomba chumba. Golnar akanitazama, akasema salamu Mhandisi, umeshtuka vizuri, ila mtu wa kushtuka huwa hachani nywele kwanza.

Kwa kumbukumbu: tulikuwa wachumba. Yeye akapata kazi Tabriz, upasuaji wa mifupa. Mimi nilikuwa najenga bwawa langu kusini. Akaniuliza, niende? Nikasema nenda, usinifikirie. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba hiyo ya kwanza ni adabu tu. Unakataa mara moja, unakataa ya pili, ya tatu ndipo moyo unasema. Kesho yake akapanda basi la asubuhi. Jibu la pili na la tatu ninayo mpaka leo, hayajatumika.

Hajaolewa. Mimi sijaoa. Anaondoka Jumatatu. Nimezuia mito mikubwa, sembuse mwanamke mmoja.

Mpango wa kwanza: aone mtu asiyetawaliwa na kazi. Simu ya ofisi nimeizika kwenye pipa la mchele la Bi Touba.

Ijumaa, 10 Farvardin

Pipa limelia tangu kifungua kinywa. Bi Touba akauliza tangu lini mchele unapigiwa simu. Nikasema sijui, labda aina mpya. Golnar akatia mkono, akafukua, akapokea yeye. Akamwambia msaidizi wangu kwamba Mhandisi amezikwa, rambirambi zipokelewe baada ya likizo.

Aibu, lakini ya muda mfupi. Mchana simu yake mwenyewe ikaita. Akasimama na samaki mdomoni, akakaa ukumbini dakika arobaini akimwelekeza mtu wa hospitali ya Tehran, anakofanya kazi siku hizi, jinsi ya kuunga paja la mtu. Aliporudi chakula kilikuwa kimepoa. Nikampa biringanya zangu, ambazo zilikuwa bado na moto. Akasema basi mimi na wewe tumeshaoa, Mhandisi, wewe bwawa, mimi mifupa, na wake zetu hawatuachi tule.

Alisema “mimi na wewe.” Naandika tena: mimi na wewe. Mambo yanakwenda vizuri.

Jumamosi, 11 Farvardin

Kuna adui. Daktari Ardalan, wa meno, chumba namba nne. Ana meno kama sinki jipya, na huyaonyesha bila kuombwa.

Mpango wa pili: kupanda mlimani na Golnar kwa kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya hadi kileleni. Dakika nyingi hewani, hakuna pa kukimbilia. Tukapanga foleni saa nzima. Kibanda kikaja, Golnar akaingia, ikabaki nafasi moja. Nyuma yangu alikuwa Ardalan. Nikafanya kama mtu aliyelelewa: nikamshikia mlango, nikasema tafadhali Bwana Daktari, tangulia wewe. Hapo yeye alipaswa kusema haiwezekani, baada yako. Nami ningesisitiza, naye angekataa, kisha ningeingia.

Akaingia. Akasema ahsante.

Mimi nilipanda na familia ya watu saba kutoka Esfahan na sufuria yao. Bibi yao aliniwekea hiyo sufuria mapajani, akaniambia kifuniko kishike vizuri mwanangu, chini kuna mchuzi.

Kileleni nikalalamika kwa Golnar kwamba kuna watu hawana adabu. Akasema mlango ulimfungulia wewe. Akaongeza kwamba Ardalan alizungumzia ufizi njia nzima. Ufizi! Mtu huyo hana nafasi. Nimelala kifua mbele.

Jumapili, 12 Farvardin

Siku kubwa. Tulitembea kwenye mashamba ya michungwa, sisi wawili. Golnar akasema amechoka na adabu. Akiwa kazini akisema kisu, anapewa kisu, hakuna anayemwambia sistahili kukushikia kisu. Akaweka sharti: baina yetu, anayetaka aseme nataka. Nikajibu, lolote upendalo, Bibi Daktari. Akasema hiyo ndiyo adabu yenyewe, na hata dakika haijapita.

Basi nikajikaza. Nikamwambia kwamba siku ile ya Tabriz nilitaka abaki. Nikakohoa, nikasingizia vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Tukafika mwisho wa shamba. Kisha akasema mizigo yake ilikaa mlangoni usiku kucha, na kwamba ningesema neno moja angefungua sanduku. Aliniuliza ili azuiwe.

Akashika mkono wangu, akakagua kiganja kama anatafuta palipovunjika, na hakuurudisha mpaka langoni. Akasema ofisi yenu si ina tawi Tehran? Nikasema inalo. Akasema kesho ataniuliza jambo, nami nijiandae.

Nimejiandaa. Nimesema “nataka” mbele ya kioo mara thelathini. Inatoka vizuri, hasa ile ya kumi na nane.

Jumatatu, 13 Farvardin

Siku ya kumi na tatu ya mwaka mpya hakuna anayebaki ndani, ni mkosi. Wote tulikula nje, kwenye majani. Mke wa Ardalan amewasili na watoto mapacha, wote wenye meno yaleyale. Nimemsamehe.

Saa tisa Golnar akaweka mzigo kwenye gari lake, akafungua mlango wa upande wangu. Akasema wazi, mbele ya watu: twende Tehran, Mhandisi, nataka uje.

Nikafungua mdomo kusema nataka. Mdomo huu una miaka arobaini na saba. Ukasema hapana, nitakusumbua.

Akavuta pumzi. Akasema Kiumars — aliniita jina, si Mhandisi — nakuuliza mara ya pili, unakuja? Nikasikia mtu akisema la hasha, nitakubana, wewe nenda. Alikuwa mimi.

Akacheka kidogo, macho hayakucheka. Akaufunga mlango na kuondoka.

Naandika haya langoni, nimekalia begi. Bi Touba ametoa kichwa dirishani, akasema mwanangu, baridi hiyo, ingia unywe chai. Nikasema usijisumbue, mama. Akafunga dirisha.

Sina wasiwasi. Gari lilisikika kwenye kona sasa hivi; lilikuwa la mkate, lakini barabara ni ileile. Desturi ni mara tatu, naye ameuliza mbili tu. Mimi ni mhandisi, najua kuhesabu. Hawezi kufika mbali.