Nilivyompunguza Shangazi Sauti

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Wameing'oa meza yangu ya mitambo. Vidole vyangu vimeipapasa miaka yote hii mpaka vitufe vimefutika maandishi. Mahali pake wameweka skrini nyembamba kama trei. Fundi mitambo alitukusanya ukumbini, akaongea sana. Nilichoshika ni hiki: studio zote sasa ziko kwenye mfumo mmoja wa mtandao, na maikrofoni ya chumba chochote inaweza kupandishwa au kushushwa kutoka chumba kingine. Akatoa mfano wa nyumba yenye mabomba mengi na tangi moja. Wenzangu waliuliza umeme ukikatika itakuwaje. Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa nawaza bomba la mtu fulani.

Mtu huyo ni Shangazi. Si shangazi yangu, ni wasikilizaji wanaomwita hivyo kwa sababu ya kipindi chake cha ushauri wa ndoa. Mwenyewe hajaolewa. Halimsumbui mtu hilo isipokuwa mimi. Mkurugenzi anataka mtangazaji mmoja wa kipindi cha asubuhi. Kuanzia kesho tutakiendesha pamoja, mimi chumba cha kwanza kutoka mlangoni, Shangazi kile cha mwisho, kisha Ijumaa atachagua. Anasema ni nafasi nzuri ya kuujaribu mfumo. Nami naona hivyo hivyo.

Jumanne, tarehe 10

Kwenye skrini kuna Studio Moja, Mbili na Tatu. Kila moja ina mstari wake wa sauti, unausogeza kwa kidole. Kutoka mlangoni, mimi Moja, Shangazi Tatu. Haihitaji shule. Nikamshusha Tatu kidogo tu, aonekane amechoka. Hedifoni nilivua. Zinabana masikio, na mtangazaji mkomavu anajisikia bila kifaa. Kweli nilijisikia vizuri sana. Shangazi sikumsikia kabisa. Mfumo mzuri huu, fundi apewe haki yake.

Jumatano, tarehe 11

Nimemshusha zaidi. Nikaongea mfululizo juu ya faida za kuamka mapema. Nikasoma salamu za wasikilizaji, zangu na zake.

Jioni mama mkwe akapiga simu. Huyu hajawahi kunisifu tangu nioe. Leo kasema kipindi kimetulia. "Siku hizi una adabu, mwanangu. Unamwachia mwenzio naye aseme." Nilidhani kakosea namba. Mama watoto naye anasema kule saluni wamemuuliza kama kuna mgonjwa studioni, maana sauti moja inasikika kwa mbali sana, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nikatabasamu. Nikaomba niongezwe chai.

Alhamisi, tarehe 12

Tatu nimemfikisha chini kabisa. Mstari ukakataa kwenda zaidi, nikaendelea kuubonyeza kwa moyo safi.

Mkurugenzi alikuwa ofisini kwake akisikiliza. Baadaye kanishika bega kwenye korido. Kasema hajawahi kuona mtangazaji wa umri wangu akijinyima namna hii kwa ajili ya mwenzake. Nikamjibu ndiyo kawaida yangu. Sikujua ananisifia nini, lakini sifa siirudishi. Shangazi akapita, akanipa pipi za koo, macho yamejaa huruma. Nilizipokea kama mtu anayepokea upanga wa adui aliyesalimu amri. Zina ladha ya limau.

Ijumaa, tarehe 13

Kipindi cha asubuhi kapewa Shangazi.

Mimi nimepewa cheo kipya: mlezi wa watangazaji wapya. Nitawafundisha kunyamaza. Mkurugenzi alisema mbele ya watu wote kwamba mtangazaji anayeweza kukaa kimya kipindi kizima ili mwenzake ang'are ni hazina. Wakapiga makofi. Shangazi akanikumbatia huku analia.

Nikamfuata fundi mitambo. Alikuwa juu ya ngazi, kaning'iniza waya shingoni. Nikamwambia mfumo wake mbovu, kwamba Tatu kafungwa na bado Tatu kashinda. Nikajishtukia, nikaongeza kwamba nauliza kwa niaba ya mtu.

"Tatu ni wewe," akasema.

Kumbe namba zinaanzia chumba cha mitambo, mwisho ule mwingine wa korido, si mlangoni. Anasema alilieleza hilo Jumatatu. Akauliza kwani sikusikia tofauti yoyote kwenye hedifoni. Nikamwambia zinabana. Akaendelea na waya zake.

Nilirudi kukaa studioni peke yangu. Wiki nzima nimeongea na ukuta. Na kinachoniuma zaidi, yale maneno yalikuwa mazuri. Pale kwenye kuamka mapema nilikaribia kulia.

Jumamosi, tarehe 14

Mama mkwe kaja mwenyewe, kabeba na mto wa kuegemea mgongo. Anasema hatimaye amepata mtu wa kumsikiliza. Kaanza na goti la kushoto. Mchana tulikuwa bado tuko kwenye goti la kushoto.

Jumapili, tarehe 15

Nimekaa nikalitafakari kosa langu. Nimeligundua. Nilihangaika na wasikilizaji, wakati anayechagua ni mtu mmoja.

Leo zamuni nimeipekua skrini yote. Spika za jengo zima nazo zimo humo humo, hata ile iliyo juu ya meza ya mkurugenzi. Basi kuanzia kesho, kila akitulia, nitaingiza sauti yangu pale, chini chini, kiasi kwamba ataona ni mawazo yake mwenyewe. "Nilikosea kuhusu asubuhi. Yule bwana anafaa." Si zaidi ya hapo. Mawazo ya mkurugenzi hayawezi kuwa marefu.

Nimejifungia bafuni kufanya mazoezi. Mama watoto kagonga mlango, kauliza namwomba nani msamaha. Nimemwambia anyamaze kidogo, mkurugenzi anafikiri.