Irabu Tano kwa Chumba cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Mume wangu (bado napenda kuliandika: mume wangu, mume wangu) amerudi kutoka kazini na mikono ya baridi. Ni fundi wa friji. Akaniwekea viganja mashavuni. Nikayeyuka mzima mzima.

Kasoro ni moja tu. Tunalala sebuleni kwa wakwe, kwenye kochi la kukunjua, nyuma ya pazia. Pazia halina komeo. Leo alfajiri baba mkwe aliingia kutafuta miwani wakati tumekumbatiana. Akasema samahani wanangu, msijisumbue. Akatafuta dakika kumi. Miwani ilikuwa usoni kwake.

Sasa habari yenyewe. Mpangaji wa chumba cha mbele amehama! Chumba chenye mlango! Wifi yangu, mshonaji, anakitaka aweke cherehani. Sisi tunakitaka kwa sababu... tunakitaka tu. Baba mkwe alisahihisha makosa ya magazeti katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na minane, na hapendi kelele. Ameamua patakuwa na shindano Jumamosi. Maneno marefu ya Kiingereza, kila moja liwe na irabu zote tano: a, e, i, o, u. Ukitaja neno na maana yake sahihi, alama moja. Atakayeshinda anakabidhiwa ufunguo. Akatoa mfano: "education", elimu. Akafumba macho kama aliyeonja asali.

Wifi akanikata jicho. Akasema wifi, pole mapema.

Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua hazina! Mimi huandika lebo katika ghala la mizigo, na kuta za ghala zimejaa Kiingereza tupu. Nilizunguka na daftari mchana kutwa. Kamusi nyumbani ni moja, na wifi ameikalia kama kuku. Sina shida nayo. Nimemaliza kidato cha nne, akili ninayo. Neno hujieleza lenyewe pale lilipobandikwa.

"Evacuation". Limeandikwa juu ya mlango, na picha ya mtu mdogo wa kijani anayekimbia kutoka. Maana: furaha ya kurudi nyumbani kwa mwenzio kazi ikiisha. Nililitazama hadi machozi yakanilenga. Mtu yule ni mimi!

"Miscellaneous". Liko kwenye rafu ya mwisho, penye kiatu kimoja, mwavuli uliovunjika na kalenda ya zamani. Maana: vitu vilivyopendwa hadi vikachakaa.

"Unauthorised". Liko kwenye mlango wa nyuma, pamoja na kiganja chekundu kilichoinuliwa. Maana: karibuni sana. Nikaingia. Msimamizi alinikaribisha kwa sauti kubwa mno.

Nina maneno tisa. Mume wangu anasema hajawahi kuona akili kama yangu. Ni kweli.

Jumatano, 5 Machi

Hila ya leo. Wifi alipokwenda kumpima mteja gauni, niliichukua kamusi. Nikaitumbukiza ndani ya kochi, chini kabisa, kwenye chuma. Kamusi haipo, maneno hayapo, wifi hayupo shindanoni. Nilijiona jenerali.

Saa mbili tukataka kulikunjua kochi. Likagoma. Tukavuta wote wawili. Likalia kama mbuzi, likakwama nusu. Tumelala tumekaa, kichwa changu begani kwake. Mahaba yapo, sikatai. Lakini sasa ni usiku wa manane, na shingo zetu zinatazama upande mmoja na hazirudi.

Alhamisi, 6 Machi

Shingo bado.

Mume wangu alilifungua kochi kwa spana za friji. Akatoa parafujo sita, springi moja na kamusi. Akanitazama. Nikatazama dari (ndiko shingo ilikotaka). Nikaungama yote. Akacheka hadi akakaa chini, akanibusu paji la uso, akasema atairudisha kimyakimya. Nimeolewa na malaika!

Sasa pigo. Wifi alipoikosa kamusi alikwenda kwa baba yake akilia. Na baba mkwe, kwa raha zote, akamwagia maneno kutoka kichwani, jana jioni nzima na leo asubuhi nzima. Kumi na mawili! Na maana! Na mifano! Yaani mimi ndiye niliyempatia mwalimu.

Wifi amepita mbele yangu akiimba "simultaneous". Nikasaga meno.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua mume wangu naye ashike maneno manne. Nilimwandikia vikaratasi, nikavibandika ndani ya friji anayoitengeneza uani ili ayaone akifanya kazi. Wazo zuri! Friji ikapona. Ikarudishwa kwa mwenyewe na vikaratasi vyote. Mwenye friji amepiga simu mara tatu kuuliza hiyo "precautionary" ni ugonjwa gani na kama unaambukiza nyama.

Mume wangu amebaki na neno moja kichwani. Amelisahau alipokuwa anakula.

Nina imani kuu na kesho. Nimeshachagua pazia la dirisha la chumba chetu. Rangi ya waridi.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tisa alasiri. Sebuleni. Baba mkwe ameketi kwenye kochi (yaani kitandani kwetu), kalamu nyekundu sikioni. Mama mkwe yuko pembeni anapiga pasi mashati ya watu wote.

Wifi akaanza. "Mountaineer", mpanda milima. Alama. "Reputation", sifa mtu anayojulikana nayo. Alama. "Simultaneous", mambo yanayotokea kwa wakati mmoja. Alama, na baba mkwe akapiga kofi.

Zamu yangu. Nikasimama. Nikasema "evacuation", nikaieleza ile furaha, kwa hisia, mkono kifuani. Baba mkwe akavua miwani. Akasema mwanangu, hiyo ni kuwaondoa watu mahali pa hatari, kwa mfano nyumba inayoungua. Wifi akacheka hadi akashika ukuta. Akasema, basi wifi, ukirudi kutoka kazini Jumatatu tutaita zimamoto!

"Miscellaneous": mchanganyiko wa vitu mbalimbali. Sifuri. "Unauthorised": isiyoruhusiwa. Sifuri. Nikaelewa kwa nini msimamizi alipaza sauti.

Mume wangu akasimama. Akasema baba, nakubali kamusi imesema yake, ila mimi maana za mke wangu ndizo nilizozipenda. Mbele ya watu! Nilitaka kuanguka. Baba mkwe akasema upendo hauna alama katika shindano hili.

Ndipo pasi ikawekwa chini. Mama mkwe akauliza kama na yeye anaruhusiwa. Baba mkwe akatabasamu, akasema sema tu, mke wangu, usiogope kukosea.

Mama mkwe akasema "exhaustion". Uchovu uliopita kiasi. Mfano wake mnaniona.

Alama.

"Behaviour". Mwenendo. Kwa mfano, kukoroma. Kwa mfano, kuisahihisha kwa kalamu nyekundu barua ya rambirambi aliyotuandikia mama yangu, bibi yenu.

Baba mkwe akaiondoa kalamu sikioni polepole.

Mama mkwe akaendelea bila kupumua. Maneno kumi na sita! Miaka yote ile baba mkwe alikuwa akisoma kwa sauti mezani, kumbe kuna aliyekuwa anasikiliza. La mwisho, "unquestionably". Bila ubishi. Akanyoosha mkono, akachukua ufunguo, akachukua mto wake na pasi. Akaingia chumba cha mbele. Komeo likalia: ka!

Wifi na mimi tukatazamana.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe hana wa kuzungumza naye. Amehamia kwenye kochi letu tangu asubuhi. Anatufundisha. Mimi kulia kwake, mume wangu kushoto. Tunashikana vidole nyuma ya mgongo wake. Vidole viwili tu vinafikiana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala nikafikiri, nikaona kosa lilipokuwa. Maneno tisa yalikuwa machache! Tena niliyasema, wakati mapenzi huandikwa.

Mama mkwe akirudi kwa mumewe, chumba kitakuwa wazi. Arudi kwa nini? Kwa barua! Nimemwandikia kwa Kiingereza, nikaweka jina la baba mkwe chini. Mzee sikumsumbua kumwambia.

Neno la katikati ya barua ni la leo hii, kutoka ghalani. "Auctioned". Limebandikwa kwenye makasha yaliyokaa miaka bila mwenyewe. Mlinzi ameniambia watu huja kuyagombania kwa kelele hadi nyundo igongwe, na anayetoa zaidi ndiye anayeondoka nayo. Anayetoa zaidi! Moyo wake, bila shaka. Basi nimeandika kwamba baada ya miaka arobaini ya ndoa, mke wangu kipenzi, you are auctioned.

Nimeipenyeza chini ya mlango jioni hii. Nilimsikia akiifungua. Akasoma. Kisha nikasikia kabati linaburutwa hadi nyuma ya mlango.

Aibu za furaha hizo, kama bibi arusi. Kesho namwandikia ya pili, maneno marefu zaidi.