Sura Yangu Jaridani

Jumatatu, 4 Mei 1936. Pittsburgh.

Wiki ya sita bila mke wangu Leona. Yuko kwa dada yake, Cleveland. Aliondoka akisema amechoka na mipango yangu. Mipango! Leo, katika tangazo ndani ya jarida analosoma kila wiki, mrusha mpira wa besiboli na dereva wa treni wanaapa kuwa sigara ile ile inawatuliza neva. Uongo mtupu! Taifa zima linafundishwa afya kwa mapafu ya kukodi! Ila msimamizi wetu, McGarrity, katangaza: Alhamisi mpiga picha wa kampuni ya sigara hiyo atapanda kwenye daraja tunalojenga kutafuta fundi chuma mmoja wa tangazo. Nitakuwa mimi. Leona ataniona, atarudi.

Jumatano, 6 Mei.

Sijawahi kuvuta. Nimejifunza leo, sigara tatu. Nimetapika ndani ya buti langu mwenyewe. McGarrity kasema sura yangu inafaa tangazo la majeneza. Wote wanamtaja Nyqvist, mdakaji wetu wa ribiti, ile misumari ya moto ya kuungia vyuma. Meno meupe, mabega kama kabati. Nikamnong'oneza kuwa kesho kuna upepo mkali, kazi hakuna, alale tu. Akanishukuru! Akaniita kaka!

Alhamisi, 7 Mei.

Punda mimi! Ribiti zinataka watu wanne: mmoja anazichoma, mmoja anazidaka kwa ndoo zikiwa nyekundu, mimi naegemeza chuma nyuma, wa nne anagonga. Miaka kumi na moja nafanya kazi hii! McGarrity akafoka: watatu hawapandi, nendeni mkacheze karata. Mpiga picha akatukuta chini, tumekalia ndoo. Nikawasha sigara, nikatabasamu, nikakohoa mpaka kofia ikaanguka. Akauliza tu Nyqvist anakaa wapi. Kampiga picha barazani kwake, miguu juu ya kiti. Eti shujaa mapumzikoni, bora zaidi! Wenzangu wawili wamejua ni mimi niliyemlaza Nyqvist, hawanisemeshi. Ujira wao wa siku umepotea.

Jumamosi, 9 Mei.

Barua ya Leona! Dada yake kamchosha, nyumba yetu anaikumbuka. Nimfuate Jumapili ya wiki ijayo. "Uje wewe tu, Orville. Usije na mpango." Nimeisoma mara tisa. Nimelia, wala sioni aibu.

Nimemjibu asubiri kidogo. Jumapili hiyo kampuni ya nyembe inachagua mwanamume wa tangazo, uwanjani, kabla ya mechi. Ndevu zangu zitakuwa za siku nane. Barua nimeshaiposti. Siwezi kumfuata mke nikiwa mtu hivi hivi tu.