Jani la Meru na Friza la Mama Irine

Tulieni, enyi watu wa Arusha! Ninyi wa Olasiti mnaoanua nguo kabla vumbi halijazikuta, ninyi wa Kimandolu ambao ndizi zenu zimekwisha kuingia sufuriani, hata ninyi mliosimama njiani mkingoja gari la Usa River: wekeni chini mlichoshika, mnipe masikio. Nitasimulia vita ambavyo havikupigiwa baragumu, safari ambayo hakuna aliyeisindikiza, na shujaa ambaye hakuna aliyemwomba awe shujaa. Shujaa huyo ni mimi. Naomba radhi mapema.

Naitwa Aminiel, mwana wa Machame, mlinzi wa majani, mwenye shahada ya kemia iliyotundikwa ukutani kwa shangazi yangu Elifuraha, chini ya kalenda ya usharika, shahada ambayo hadi leo haijaleta nyumbani hata kilo moja ya sukari. Siku hizo nilikuwa najitolea katika maabara ya Daktari Nanyori, binti wa Kiarusha, mwindaji wa mimea isiyopatikana popote duniani isipokuwa juu ya mlima mmoja.

Na mmea tulioufuata ulikuwa wa namna hiyo. Mfupi kuliko kiganja, majani yenye manyoya ya kijivu kama blanketi, makao yake ni nyufa za mawe kule juu ya Meru ambako miti imekwisha kukata tamaa. Wala hauoti kila mahali hata huko. Kwenye ukingo huu wa korongo upo, kwenye ukingo wa pili haupo. Wa upande wa mashariki unanukia ndimu. Wa magharibi, ndugu yake wa damu, unanukia dawa ya viatu. Kwa nini? Nimelala na swali hilo kama wenzangu wanavyolala na picha za wachumba. Jibu limo ndani ya mafuta ya jani, na mafuta hayo, jani likipata joto, huruka hewani na kutoweka upesi kama mahari mikononi mwa wajomba.

Kibali kilituruhusu kuchuma kijitawi kimoja tu cha mashariki. Daktari akanikabidhi mimi kazi hiyo, akaniambia, "Nakuamini." Neno hilo moja liliniingia kama upanga wa ufalme, nikapanda mlima nikiwa nimejaa upepo.

Aliyeniongoza ni Lomayani, askari wa hifadhi, mwenye bunduki begani na subira isiyo na mfano. Tulipofika chini ya majabali nilisimama juu ya jiwe, nikanyoosha mkono.

"Ewe Lomayani, mlinzi wa kilele! Nionyeshe njia, nami nitatwaa kwa mkono wangu siri ambayo mlima huu umeificha tangu ulipotema moto!"

"Kaka," akasema Lomayani, "funga kwanza kamba za viatu."

Nikafunga. Nikapanda. Nikakiona kijitawi kikitetemeka kwa upepo, nikakichuma kwa mkasi, na sitawaficha, machozi yalinitoka, nikamwambia Lomayani ni ukungu. Njiani kurudi nyati mmoja alisimama akatutazama jinsi mzee wa kanisa anavyomtazama kijana aliyechelewa ibada. Hapo nilionyesha ujuzi wangu wa kivita: nilihamia nyuma ya Lomayani kwa kasi ambayo hata yeye aliisifu.

Lakini adui mkubwa hakuwa nyati. Adui alikuwa joto. Nilipofika mjini Jumamosi ile alasiri, barafu iliyokuwa ndani ya kisanduku changu ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu, na mlango wa maabara ulikuwa na kufuli. Nikampigia Daktari Nanyori simu. Nyuma ya sauti yake zilisikika vigelegele.

"Ufunguo ninao mimi, Aminiel, na mimi niko Usa River kwenye harusi ya dada yangu, mashangazi wamenishika kulia na kushoto. Tafuta friza. Friza lolote! Jani likilala nje leo, harufu yote imekwenda, na kibali kingine hatupati mpaka mwaka ujao."

Friza lolote! Sikilizeni sasa jinsi majaliwa yanavyomcheka mwanadamu. Friji la shangazi yangu liliaga dunia zamani, siku hizi ni kabati la unga. Katika mtaa wetu wote friza lilikuwa moja, jeupe, refu, lenye kunguruma kama simba aliyeshiba, nalo lilikuwa mali ya Mama Irine, jirani yetu wa ua kwa ua, Mkibosho, muuza samaki na barafu za ukwaju. Na kati ya Mama Irine na shangazi yangu hapakuwa na salamu.

Chanzo cha vita hivyo ni mtori, ule mchuzi wa ndizi na nyama ambao sifa yake ni uzito. Siku ya kipaimara cha Irine, mbele ya wageni wote, shangazi yangu aliinua kijiko, akakitazama, akasema mtori ule ungemtosha bata kuogelea. Tangu hapo wanawake hao wawili walikuwa wakipishana njiani kama malori kwenye daraja jembamba. Mababu wa Machame na Kibosho walipigana kwa mikuki. Wajukuu zao wakaendeleza kwa kununa.

"Shangazi," nikasema kwa unyenyekevu, "kama tungemwomba jirani..."

"Jirani yupi?" Shangazi akaweka mwiko chini. "Mimi, Elifuraha, nikaombe barafu kwa yule? Mae! Afadhali jani lako lioze, tulizike kwa heshima zote, na mchungaji nitamwita mimi mwenyewe."

Alipoinama tena kwenye jiko, nilitoka kwa kunyata. Nilikifunga kijitawi ndani ya gazeti lenye unyevu, lakini gazeti likawa linafunguka na uzi ulikuwa umekatika mlimani. Mkono wangu ukaenda penye ua unaotenganisha nyumba zetu, ukachuma jani refu, la kijani, imara kama mkanda, nami nikafungia kifurushi changu na kupiga fundo zuri.

Jani hilo lilikuwa isale.

Wachaga wenzangu mnaosikia hapo mmekwisha kushika vichwa. Kwa wengine nitaeleza: kwetu isale ndilo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ndilo pia neno la mwisho katika ugomvi. Ukimkosea mtu, unampelekea isale lenye fundo. Na akiliona hana budi kusamehe, maana anayelikataa anajitafutia makubwa. Kila mtoto wa Kichaga anajua hivyo. Mimi nilijua jina lake la Kilatini. Nilijua ukoo wake na kemikali za mizizi yake. Kazi yake ndiyo iliyonitoka kichwani wakati ule ule nilipoihitaji.

Basi nikaingia uani kwa Mama Irine, nimenyoosha kifurushi mbele kwa mikono miwili ili joto la kifua changu lisikiguse.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, kar..." Neno likakatika. Alikuwa akimimina ukwaju kwenye vifuko. Ukwaju ukaendelea kumwagika mezani naye hana habari. Alilitazama lile isale, akalitazama fundo, akaifuta mikono yake kwenye kanga taratibu.

"Irine," akaita kwa sauti ndogo, "njoo uone. Elifuraha ameleta isale."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikafungua kinywa niseme ukweli, kwa kuwa mimi ni mtu wa sayansi na ukweli ni dini yangu ya pili. Lakini Mama Irine alikuwa analia. Kinywa kikabaki wazi kama cha sato waliokuwa ndani ya friza lake.

"Aminiel!" Sauti ya shangazi ikapasua ua. "Nani amechuma isale langu?" Kisha kichwa chake kikatokea juu ya majani, na macho yake yakaliona isale lilipo.

"Limefika, Elifuraha," akasema Mama Irine. "Nimelipokea."

Enyi wasikilizaji, nimesimama mbele ya nyati, lakini sijapata kuogopa kama wakati ule. Shangazi angesema tu, "Sikulituma mimi," friza lingefungwa, jani langu lingekufa, na Mama Irine angebaki na machozi yake mbele ya mtoto wake. Nikajikaza.

"Shangazi, mama, ukweli ni kwamba mimi..."

"Nyamaza!" wakasema wote wawili.

Shangazi alinitazama. Akatazama pengo la uani pale nilipochuma jani. Akamtazama jirani yake, na machozi yaliyokuwa bado mashavuni mwake.

"Kama limefika," akasema, "limefika." Akainua kidole. "Lakini mtori ulikuwa na maji."

"Ulikuwa na maji!" Mama Irine akapiga kofi. "Gesi iliniishia, wageni wako getini, ningefanyaje? Nikaongeza maji, nikamwachia Mungu."

"Si ungeniita? Jiko langu lilikuwa linawaka!"

"Ningekuitaje, na umekaa meza ya mbele umevimba kama andazi?"

Shangazi akaanza kucheka, akazunguka kupitia getini, na nilichosikia baada ya hapo ni "aika, aika", asante za Kichaga, na pua zikivutwa.

"Mama," nikasema, "samahani. Ndani ya gazeti kuna kitu kingine. Naomba kilale kwenye friza."

Mama Irine akafungua fundo, akalikunja isale na kulitia kifuani, maana lilikuwa lake. Kijitawi akanirudishia. Mlango wa friza ukainuka, moshi wa baridi ukatoka kama ukungu wa kilele, nami nikamlaza mgeni wangu wa Meru kati ya sato na barafu za ukwaju.

"Kaka Ami, linaliwa?" akauliza Irine.

"Haliliwi!" nikapaza sauti ya jemadari, mpaka kuku wakatawanyika.

Jumapili jioni Daktari Nanyori alifika, bado amevaa vazi la harusi. Akafungua gazeti la kijitawi, akanusa, akafumba macho.

"Ndimu," akasema. Akanusa tena. "Na samaki."

"Mashine ya maabara itawatenganisha, Daktari."

"Itawatenganisha," akakubali, akacheka, na kwa kalamu akatia nukta moja kwenye ramani ya mlima, upande wa mashariki, ndogo kuliko mbegu ya ulezi.

Basi mnaotunza habari za mataifa, tieni na hii: kwamba nukta ile ni yangu, nami niliilipia kwa jasho, kwa nyati na kwa kuamriwa kunyamaza. Kwa nini mmea wa magharibi unanukia dawa ya viatu, bado hatujui. Lakini jioni ile shangazi alitumiwa mtori kutoka kwa jirani, nao haukuja kwa njia ya getini. Sahani ilipita katika lile pengo la uani nililoliacha nilipochuma isale. Shangazi alichomeka kijiko katikati ya sahani, akakiachia.

Kijiko kikasimama wima.