Mama Mkwe Ameketi Kwenye Kiti Changu

Ijumaa, 14 Juni

Wikendi ya raha hiyoo! Geoffrey wa kibanda cha video amenitilia filamu kwenye flashi, yenye sehemu nne, zile ambazo VJ, yule msimulizi anayeongea juu ya sauti za waigizaji, anazitafsiri kwa Kiganda. Sharti moja tu: flashi irudi Jumapili jioni. Soko zima la Busia linaongelea mwisho wa filamu hiyo. Lazima niuone, ama sivyo sina raha tena duniani.

Betty, mke wangu, naye ana yake. Kesho tusiribe nyumba kwa mavi ya ng'ombe, tufue, tuanike mihogo. Sikubisha. Nilimwambia kwa upole kwamba nimesikia mama yake anapita huku Buteba kesho. Sisi Iteso, mwanamume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Heshima inanilazimu nijifungie ndani kutwa nzima. Ndani pamoja na runinga! Mama mwenyewe yuko zake Tororo, hana habari. Asante Mungu kwa mila zetu.

Jumamosi, 15 Juni

Lo! Kumbe jana Betty alimpigia mama yake simu kumwambia namngoja kwa hamu. Maskini, mama hakuwa na safari yoyote. Alifunga kuku wawili, akaja.

Nilikuwa katikati ya sehemu ya pili nikasikia hodi yake. Nikaruka chumbani bila viatu, runinga ikabaki sebuleni. Mama akaketi kwenye kiti changu, akasema isizimwe. Ameangalia mpaka mwisho! Mimi nasikia bunduki, nasikia vilio, sioni kitu. Hata VJ simsikii, mama anacheka kumshinda.

Mchana haja ikanibana. Nikatokea dirishani, na nani yuko nyuma ya nyumba na ndoo ya mavi? Betty. Alisema ukuta wa nyuma hauonekani kutoka sebuleni, na kwa vile nimeshatoka, karibu kazini. Nimesiriba mpaka jua likashuka. Baadaye akanipitishia dirishani ugali wa wimbi na kuku wa mama. Sijala kitamu hivyo tangu Krismasi. Mgongo unaniuma lakini tumbo linashukuru.

Jumapili, 16 Juni

Mama alilala kwa jirani yetu Loy. Asubuhi wakaenda kanisani wote. Nikakimbilia runinga. Umeme hakuna! Ulirudi wao wakiingia uani. Nikarudi chumbani nikakaa kitandani, karibu kulia. Jioni flashi inaondoka na mwisho sijauona.

Basi mama akamuuliza Betty ni nani aliyesiriba ukuta wa nyuma vizuri vile. Betty akajibu ni baba John Paul, yaani mimi. Kisha nikasikia kiti kinaburutwa mpaka karibu na chumba changu. Mama akasema yeye anaongea na ukuta tu, haongei na mtu, ila ukuta uliofanya kazi jua kali si haki ukose filamu.

Akanisimulia yote! Kiganda hajui hata neno moja, kwa hiyo alijitungia. Jambazi mkuu akawa mwizi wa ng'ombe, polisi wakawa shemeji zake, na mwisho mahari ikalipwa, watu wakala. Nilicheka mpaka nikauma mto. Alipomaliza akauombea ukuta afya na maisha marefu. Nililia, sisemi uongo. Wangapi wana mama mkwe wa namna hii?

Jumatatu, 17 Juni

Jana jioni nilirudisha flashi. Geoffrey alitaka kunieleza mwisho wa kweli, nikamkataza. Wangu unanitosha. Akanitilia filamu nyingine, ndefu kuliko ile.

Leo Betty ametangaza kwamba Jumamosi tunang'oa karanga. Sikubisha. Nilimwambia kwa upole kwamba nimeota mama yake anarudi Jumamosi hiyo hiyo, na heshima ni heshima. Safari hii hawanipati: runinga nimeshaihamishia chumbani. Betty alicheka mpaka akakaa chini. Namshukuru Mungu kwa mke anayenielewa.