Daktari Evod na Tochi Themanini

Evod hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu tu mwenye ulimi mtamu, na ulimi wa namna hiyo ukivalishwa koti jeupe mjini Ifakara, hupewa kiti.

Asubuhi hiyo alikuwa akinywa chai katikati ya maduka mawili yanayotazamana, akisikiliza wenye maduka wakirushiana maneno kutoka kila upande wa barabara.

"Radi inamulika mpaka ng'ambo ya mto!" alipaza sauti Bwana Haidari.

"Ikidondoka mtoni je?" akajibu Stanislaus. "Chui yangu inaelea!"

Ugomvi ulikuwa wa tochi za mfukoni. Radi ya Haidari ilikuwa ya bati, nyembamba, ya kuchaji kwa waya wa simu, na ilikuwa na kibanio cha kuning'iniza kwenye mfuko wa shati. Chui ya Stanislaus ilikuwa ya plastiki, nene, ya betri mbili. Mpunga ulikuwa unakaribia kuvunwa, nguruwe pori wameshajua, na kila mkulima wa bonde alitaka tochi. Kila mmoja wa mabwana hawa aliomba kwa imani yake mwenzake afunge duka.

Evod akakunjua karatasi aliyofungiwa karanga. Ilikuwa fomu kuukuu ya utafiti wa majiko. Akasoma mistari michache ya juu, akaacha kutafuna.

Ifakara, ni vizuri ieleweke, ni mji uliochunguzwa ukachunguzika. Watu wake wametolewa damu, wamehesabiwa mbu, wamelala ndani ya vyandarua vya kila rangi. Mtu akitokea na faili mkononi na kalamu mbili mfukoni haulizwi anakotoka. Anaulizwa kama kivuli kinamtosha.

Kesho yake Evod alikuwa daktari. Aliuza simu yake, mali pekee aliyokuwa nayo, akanunua koti, kisha akaenda steshenari na fomu yake ya karanga. Palipoandikwa jiko paandikwe tochi, akaagiza, kurasa zote mbili, nakala themanini. Ukurasa wa pili hakuusoma. Wakubwa wanasomewa.

"Shamba moja kubwa, jina nimekatazwa kulitaja, linataka kuwanunulia walinzi wake tochi," alimnong'oneza Haidari. "Lakini sayansi kwanza. Nahitaji tochi arobaini za majaribio."

"Sayansi naiheshimu, daktari," akasema Haidari, akimsogezea soda. "Ila sayansi nayo ina macho. Itaona Radi ni bora, sivyo?"

"Macho yake ndiyo haya," akasema Evod, akajigusa kope.

Stanislaus naye aliahidi arobaini, na akaomba macho yaleyale. Hesabu ya Evod ilikuwa nyepesi: azoe tochi themanini, apande basi, akaziuze Masagati, ambako duka ni habari ya kusimuliwa. Asipofika nazo huko, basi ameuza simu ili awe na koti.

Lakini Stanislaus hakumwamini Haidari hata kwa salamu. Alishikilia kwamba tochi zigawiwe hadharani, Jumamosi, nje ya maduka, kila mtu aone. Evod akakubali shingo upande. Hata hivyo, alijifariji, kilichogawiwa si kinakusanywa?

Jumamosi watu walijaa. Mbele yao alisimama mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina lake Febronia, mshiriki mkongwe wa tafiti tisa.

"Shikamoo, mama," Evod akasema.

"Marahaba, daktari. Haya, isome."

"Nini?"

"Fomu. Mshiriki husomewa, akaridhia, ndipo akasaini. Au ulikosomea wewe hawasomeani?"

Watu wakacheka. Evod akaanza kusoma kama padri mgeni. Alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza, Febronia akainua mkono.

"Basi, usijichoshe. Ukurasa wa pili naujua kichwani. Saini tu, baba, na sisi tusaini."

Evod alimpenda mama yule kwa moyo wake wote. Akasaini nakala zote themanini, mbele ya Haidari, mbele ya Stanislaus, na kwa mbwembwe.

Siku nne zilizofuata alizunguka na faili akiuliza maswali, maana wenye maduka walikuwa wakimfuatilia. Salvatory, mvuvi wa Kivukoni, alisema Chui yake ilianguka majini na ikarudi yenyewe juu. Oliva, fundi baiskeli, alisema Radi ndiyo tochi, kwa sababu unaibana kwa meno na mikono yote miwili inabaki na kazi yake. Chui ukiibana unatoka udenda. Evod alijikuta anaandika kweli. Kwa muda mfupi, na aibu ilimshika alipogundua, alisahau kuiba.

Ijumaa akakumbuka. Akaenda kwa Febronia.

"Mama, nakusanya tochi zote zirudi maabara."

"Mimi nimejitoa."

"Umejitoa wapi?"

"Kwenye utafiti. Ukurasa wa pili, kifungu cha tatu: mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Wenzangu sabini na tisa nao wamejitoa. Jana asubuhi, kwa pamoja."

"Sawa, jitoeni! Nipeni tochi."

"Kifungu cha nne," akasema Febronia kwa upole wa kuudhi. "Tochi itabaki kuwa mali ya mshiriki. Jiko tulibaki nalo, chandarua tulibaki nacho. Na saini yako hii hapa, nzuri, ina mkia."

Evod akachungulia ndani. Hakuona tochi. Aliona magunia ya mpunga yamepangwa mpaka dirishani.

"Tumezipeleka Mngeta," Febronia akaeleza. "Wenye mashamba wamezigombania, tumebadilishana kwa mpunga wa msimu uliopita. Tuliwaonyesha fomu. Tochi iliyofanyiwa utafiti na daktari si tochi ya kubahatisha."

Evod alitaka kulia, na angelia, ila Haidari na Stanislaus walikuwa wanaingia uani wakisukumana.

"Matokeo, daktari!" akasema Haidari. "Ipi imeshinda?"

Evod akafungua mdomo.

"Zimekwisha zote," akadakia Febronia. "Wanaofanya kazi kwa mikono miwili wanalilia Radi. Wanaovuka maji wanalilia Chui. Leteni nyingine, mimi nitazifikisha."

Wale mabwana wakatazamana, kila mmoja akiamini ameshinda. Papo hapo wakamfanya Febronia wakala wao, wakampa mkono, wakaondoka bila hata kumuaga daktari. Evod akavua koti. Lilikuwa limechafuka kola, na hakuna ambaye angelinunua.

"Mama," akasema taratibu, "utafiti mwingine ukija, na mimi niandikishe."

Febronia akavaa miwani, akamkagua kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kuna vigezo. Mshiriki awe mkazi wa hapa, na awe na akili timamu."

"Ukazi nitautafuta."

"Ukazi hauna shida, mwanangu," akasema Febronia, akimpigapiga bega kwa huruma ya kweli. "Ukazi hata mwenyekiti wa mtaa anakuandikia barua."