Lupango ya Mama Domitille

Jumatatu, 3 Machi 2025
Jarida la mtandaoni la hadithi za ajabu, lile la Kigoma, ng'ambo ya ziwa, linatafuta hadithi za toleo jipya. Sharti: dunia isiyokuwepo. Nitaingia! Jirani yangu Gérard, fundi simu, aliingia toleo lililopita na hadithi ya samaki anayesema Kifaransa. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Mwandishi. Hata Aisha, mke wangu! Mimi ananiita "wewe".

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika kuhusu watu wa mwezini. Nikawasomea wa nyumbani baada ya futari. Mama Domitille, aliyekimbia vita Uvira na sasa anakaa kwetu na wanawe, akauliza hao watu wanachota maji wapi. Sikuwa nimefikiria maji. Aisha alicheka hadi akashika ukuta. Nimefuta mwezi wote.

Alhamisi, 6 Machi
Kila jioni Mama Domitille anasimulia lupango yake ya Uvira: nyumba, ua, choo, mti wa avoka. Leo nimegundua kitu. Lupango inakua! Juzi avoka zilitosha majirani. Jana zilitosha mtaa. Leo wanajeshi wa pande zote mbili waliweka bunduki chini, wakala, wakaomba chumvi. Dunia isiyokuwepo, na imekaa kwenye mkeka wangu! Nimeiandika yote, nikaweka jina langu. Ruhusa ya nini? Si anakula kwangu? Hapana, hilo ni neno baya. Nampenda yule mama. Lakini sikuomba.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda mlimani kutafuta mtandao. Gérard alikuwa huko huko, anatuma yake. Tukasalimiana kwa heshima kubwa mno.

Jumapili, 16 Machi
Nimekubaliwa! Gérard amekataliwa! Ujumbe wa mhariri nimeukuta mlimani: anasema amelia. Hajawahi kusoma habari za mama anayetamani hivyo kurudi lupango. Akauliza mimi nimekaa lupango muda gani. Nikamjibu nilizaliwa humo, baba yangu pia, na wanangu wote. Akasema serikali yetu haina huruma. Sikuelewa, lakini nilimshukuru.

Ijumaa, 21 Machi
Toleo limetoka! Gérard alilipakua mlimani, akalifungua kwetu kwenye simu yake. Jina langu juu kabisa. Chini yake, picha: nondo za jela, na avoka moja inaning'inia katikati. Gérard, aliyewahi kuishi Kigoma, akaketi chini kwa kicheko. Kumbe ng'ambo lupango ni mahabusu! Mimi ziwa sijalivuka, ningejuaje? Nimeiambia dunia kwamba Mama Domitille analilia jela.

Naye alikuwa amesimama nyuma yetu. Akaomba nimsomee. Nilisoma hadi mwisho, na hata Gérard aliacha kucheka. Mama akaishika simu mwenyewe. Kisha akasema: "Papa Djafari, umeniibia. Lakini ni yenyewe. Njo lupango yangu." Akagusa picha. "Sasa hii vyuma ni ya nini? Watoto batapita wapi?"

Niliona haya. Haya ya kweli, mpaka masikioni. Nikaapa mbele ya Aisha kwamba nitamwandikia mhariri aondoe nondo, aeleze neno letu, na aweke jina la Mama Domitille kabla ya langu. Wakati wa futari Aisha akanimiminia chai ya kwanza. Akaniita Papa Djafari!

Jumamosi, 22 Machi
Nilipanda mlimani na nia safi. Jina la mama nilimpelekea mhariri kwanza kabisa, na amekubali. Nilikuwa naanza habari ya nondo, ujumbe wake ukaingia: toleo lijalo ni la waandishi waliowahi kufungwa, na anataka mimi nilifungue. Mimi! Gérard hajafungwa hata saa moja.

Nondo nimeziacha kwanza. Nikashuka moja kwa moja hadi kwa polisi, nikamwomba mkuu wao kwa adabu zote anifungie siku moja tu. Akaniambia hana nafasi ya wajinga, nirudi nyumbani.

Kesho nitamtukana.